Hesabu ya Watoto wa Esteri

Jumatano, tarehe 16 Aprili 1997. Mvua ilinyesha Kasulu tangu alfajiri, ikakatika jua lilipochomoza, na ukungu ukabaki umelala mabondeni huku vilima vikitokeza juu yake kama migongo ya ng'ombe waliolala. Sajini Kipriani alikung'uta tope kwenye viatu mlangoni mwa kituo cha polisi, akaingia ofisini kwa mkuu wa polisi wa wilaya.

Mkuu alikuwa amesimama. Siku zote alimpokea mtu akiwa ameketi, kwa hiyo Kipriani akajua jambo ni zito.

"Sajini, ulisikiliza mpira ule wa ugenini?"

"Nani hakuusikiliza, afande?"

Kweli, nani? Siku ile soko zima la Kasulu lilisimama. Timu ya taifa ya vijana ilikuwa inaongoza bao moja huko ugenini, mpira unakaribia kwisha, mwamuzi akawapa wenyeji penalti. Mtangazaji sauti ikamkauka. Kisha akapiga ukelele ambao watu wa Kasulu bado waliusimulia: kipa Minani Leonidasi, mtoto wa Heru Juu, amejirusha kushoto, ameugusa mpira kwa ukingo wa mkono, mpira umegonga mwamba na kutoka! Akina mama waliokuwa wanauza mihogo walipiga magoti palepale kwenye tope. Wengine walilia. Vilima vyetu, ambavyo hata ramani za shuleni hazivitaji, vilikuwa vimetoa mkono uliolinda nchi nzima.

"Basi," Mkuu akasema, "wale jamaa wamefika Dar es Salaam kwa mechi ya marudiano Jumamosi, na wameweka pingamizi. Wanadai kipa wetu ni mkimbizi aliyepokelewa Heru Juu akiwa mkubwa, na umri wake ni miaka ishirini, si kumi na sita. Ikithibitika, timu inatolewa mashindanoni na kijana hachezi tena maisha yake yote."

"Wameyapata wapi?"

"Wamepewa na mtu wa huku huku. Jina lake hawalitaji. Na ushahidi wao ni wa ajabu. Wanasema Minani ni mtoto wa nane, na nyumba ile ina watoto sita. Mimi ni mtu wa Lindi, Sajini. Hapo nimeshindwa kuelewa hata wanalalamika nini."

Kipriani alielewa mara moja. Yeye alizaliwa Kagerankanda, wilaya hiihii.

"Afande, kwetu Waha, na kwa Warundi pia, mtoto wa saba akizaliwa anaitwa Nyandwi. Wa nane anaitwa Minani. Jina linakwenda na hesabu ya tumbo la mama. Huwezi kumwita Minani kabla hujazaa saba."

"Na kama wako sita?"

"Kama wako sita, basi Minani alikuja na jina lake kutoka nyumba nyingine."

Mkuu akavuta pumzi. "Kadi ya kliniki iliteketea nyumba ilipoungua. Na majirani hawafai. Wageni wamekwisha kusema kwamba kijiji kizima kitaapa kwa sababu kijana ni wao. Hawakukosea. Hata mimi ningeapa. Nitafutie shahidi ambaye hajali mpira. Ijumaa saa sita mchana majibu yawe Dar es Salaam."

Nje, dereva Nurudini alikuwa tayari amewasha gari. Kipriani aliinamisha kichwa kidogo kabla ya kupanda, kama alivyofanya kila alipoanza kazi.

"Mwombee na kijana, afande," Nurudini akasema. "Mimi nimekwisha kumwambia mke wangu Jumamosi asinisemeshe."

*

Heru Juu ilikuwa inanukia udongo uliolowa na maharage mabichi. Mama yake kipa, Esteri, mjane wa miaka hamsini na kitu, alikuwa anamenya mihogo uani. Alijifuta mikono kwenye kanga akasimama.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwanangu. Polisi? Kijana wangu ameumia?"

"Hajaumia. Nimekuja kuuliza habari za nyumba hii."

Alimkaribisha ndani. Ukutani kulikuwa na msalaba, na chini yake, kwenye msumari, glovu moja kuukuu ya kipa, ya mkono wa kushoto. Kipriani aliitazama. Ukingo wake, kando ya kidole cha mwisho, ulikuwa umekatwa na kushonewa kiraka cha kitambaa laini. Hakuuliza. Alikuwa na desturi ya kuacha kitu kimoja bila kukigusa nyumbani kwa mhusika, ili kama kitatajwa mahali pengine, kitajwe na mtu ambaye hakufundishwa.

"Mama, watoto wako naomba niwaone."

Waliitwa kutoka mashambani na nyumba za jirani, maana wote wakubwa walikuwa wamejenga hapohapo kilimani. Evaristi, Fidele, Dafroza, Leokadia na Ezekieli wakasimama mstari mmoja mbele ya ukuta. Watano. Na Minani yuko Dar es Salaam. Sita.

Kipriani akahesabu tena kimoyomoyo. Mhesabuji yeyote wa vilima hivi angehesabu hivyohivyo, na angefika palepale.

"Mama," akasema polepole, "kuna mtu amesema Dar es Salaam kwamba Minani si wa tumbo lako. Amesema una watoto sita, na wa sita hawezi kuitwa Minani."

Watoto wakubwa wakaguna. Ezekieli akatukana kwa Kiha, dada yake akamfinya. Esteri akachukua jembe dogo lililoegemezwa ukutani.

"Umehesabu vibaya, mwanangu. Njoo."

Akamwongoza nyuma ya nyumba, penye migomba. Chini ya majani mapana, mahali palipolimwa pakawa safi kama uwanja wa kanisa, palikuwa na mawe mawili madogo yaliyopakwa chokaa. Matone yalidondoka kutoka kwenye majani, tone baada ya tone. Esteri akapiga magoti, akang'oa gugu lililokuwa limeanza kuota pembeni ya jiwe la kwanza.

"Huyu ni Irakoze, msichana. Wa sita. Hakufika hata ubatizo." Akagusa jiwe la pili. "Huyu ni Nyandwi. Mume wangu Leonidasi alichukuliwa kwenda vita vya Amini nikiwa na mimba yake. Nikajifungua peke yangu. Surua ikampitia akiwa hajaota jino, na baba yake hakumwona. Waliokufa wachanga hatuwataji mbele ya wageni. Lakini hesabuni wamo. Mungu hakuwafuta, mimi nitawafutaje?"

Kipriani alijikuta amevua kofia. Alikuwa amepekua nyumba nyingi na kuhoji watu wengi, lakini hajawahi kusimama mahali ambapo ushahidi ulikuwa mdogo hivi na mkubwa hivi. Mtoto ambaye hakuishi hata mwaka alikuwa amelala hapa, akimtolea nduguye ushahidi. Kama Nyandwi alizaliwa baba yake akiwa vitani, basi Minani hakuweza kuzaliwa kabla ya baba kurudi. Umri wa kipa wa taifa ulikuwa umeandikwa na jiwe hili.

Lakini jiwe halikuwa shahidi wa kutosha. Mtu yeyote anaweza kupaka jiwe chokaa.

"Mama, nani alikusaidia kumzika Nyandwi?"

"Majirani wote. Walichimba wao."

"Mtu asiye wa hapa, je?"

Esteri akafikiri. "Sanda, shuka nyeupe, nilipewa na Bi Mwamvua wa duka la nguo, kule mjini. Mungu amlipe. Sijamwona miaka mingi."

"Na jambo la mwisho. Kuna mgeni aliyewahi kuwaona watoto wako wamesimama mstari, kama nilivyowaona mimi?"

"Siku ya kushukuru, Minani alipochaguliwa timu ya taifa. Padri alisema watoto wasimame wabarikiwe. Lakini wote walikuwa watu wa hapa, waliozika nami. Mgeni alikuwa mmoja tu, yule mwalimu wa mpira wa Busunzu. Tharsisi. Alikula vizuri sana."

Kipriani akavaa kofia yake. Walipofika garini, mama akamshika mkono wa shati.

"Ukimpata aliyenihesabia, usimpige. Nipeleke kwake."

*

Duka la Bi Mwamvua lilikuwa karibu na msikiti, na kioo cha kabati lake la mbele kilikuwa kimezibwa kwa boksi.

"Shikamoo, Bi Mwamvua."

"Marahaba. Kama mmekuja kwa mambo ya mpira, mlango ni uleule mlioingilia. Siku ile ya ukelele wenu wa penalti vijana waliruka wakanivunjia kabati. Nimeapa, mpira sitaki kuusikia hata kwa jirani!"

Nurudini akaangalia dari. Kipriani nusura atabasamu. Alikuwa ametafuta shahidi asiyejali mpira, na Mungu amempa anayeuchukia.

"Sikuja kwa mpira, bibi. Nimekuja kwa shuka nyeupe."

"Shuka gani? Ziko za namna tatu."

"Aliyopewa mwanamke mmoja wa Heru Juu, zamani, mtoto wake alipokufa."

Mkono wa bibi ukasimama juu ya futi ya kupimia kitambaa. Akakaa chini, juu ya gunia.

"Nani amekuambia hayo? Hayo nilimwambia Mungu tu."

"Nieleze na mimi."

"Ulikuwa mwaka wa vita vya Amini. Madukani kweupe, hata sabuni hakuna. Mwanamke akaja kwa miguu kutoka Heru Juu, mume yuko vitani, mtoto amekufa kwa surua, hana cha kumfunika. Nguo nyeupe dukani sina. Nikaingia ndani, nikachana shuka yangu ya harusi. Nikamwuliza jina la mtoto nimwombee dua. Akasema Nyandwi. Nikasema, jina gani hilo? Akasema, ni la mtoto wa saba."

Kalamu ya Kipriani ilikuwa inakimbia. "Ulimwona tena?"

"Mara moja. Vita vimekwisha, mumewe amerudi, akaja ananiletea shuka mpya. Eti deni! Nikamwambia, shuka sitaki, nipe hicho kitoto cha mgongoni nikipakate. Kumbe kina kidole cha sita!"

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Pembeni ya kidole cha mwisho, kimening'inia kama punje ya harage. Bibi yangu kule Ujiji alikuwa anavifunga, nami nilijua. Nikakifunga uzi wa cherehani, nikamwambia mama asikiguse, kitanyauka chenyewe. Ila huwa vinabakiza kijipele kigumu, hicho hakitoki. Kinauma kikibanwa."

Kipriani aliiona ile glovu kwenye msumari: ukingo uliokatwa, kiraka laini. Akainua kidole kumnyamazisha Nurudini, ambaye alikuwa amefumbua mdomo. Aliandika hadi neno la mwisho, akamsomea bibi, bibi akasaini.

"Kilikuwa kitoto kizuri," Bi Mwamvua akasema. "Kilikua? Kiko wapi siku hizi?"

Sasa Kipriani akashusha kidole, na Nurudini akalipuka: "Bibi! Ndiye kipa! Ndiye Minani! Ule mkono ndio uliookoa penalti!"

Bi Mwamvua aliwatazama mmoja baada ya mwingine, akidhani wanamtania. Kisha akaitazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofunga uzi.

"Subhanallah," akasema kwa sauti ndogo. "Mkono ule?" Akageukia kabati lake lililovunjika, akaligusa. "Basi... basi ni sawa. Livunjike tu."

*

Jioni hiyo ujumbe ulikwenda Dar es Salaam kwa simu ya upepo: daktari wa timu amkague Minani Leonidasi mkono wa kushoto, pembeni ya kidole cha mwisho, mbele ya viongozi wa wageni, na kijana asiambiwe sababu.

Jibu lilikuja Alhamisi asubuhi, sauti ikikatikakatika kwa ngurumo za mbali. Polisi wote waliokuwa zamu walijazana mlangoni.

"Kipo. Narudia, kipo. Kijipele kigumu, kovu la zamani. Mchezaji anasema amezaliwa nacho. Wageni wamekiona kwa macho yao."

Hakuna aliyeshangilia. Mkuu, mtu wa Lindi asiyejua Nyandwi wala Minani, alitikisa kichwa taratibu. "Uzi wa cherehani," akasema. "Miaka kumi na sita."

Lakini sauti ilikuwa haijamaliza. "Wageni wanasema hata hivyo pingamizi litasimama mpaka mtoa habari wao alifute mwenyewe kwa kinywa chake. Jina lake hawalitoi."

"Wanajua hatutampata," Mkuu akasema.

"Tunaye, afande," Kipriani akajibu. "Hebu tazama. Aliyepeleka habari anajua maana ya Minani, kwa hiyo ni mtu wa vilima hivi. Mtu wa pwani asingehesabu. Anajua wako sita, kwa hiyo aliwaona wakiwa pamoja. Lakini hajui habari ya wale wawili, kwa hiyo si wa Heru Juu, maana Heru Juu yote ilizika. Mgeni, Muha, aliyekaribishwa. Kwenye sherehe ile alikuwa mmoja tu. Na kipa wa akiba wa timu ya taifa, yule Moses anayekaa benchi, ni mtoto wa dada wa nani?"

Nurudini akapiga paja. "Wa Mwalimu Tharsisi!"

"Washa gari. Tunapitia Heru Juu kumchukua mama."

*

Barabara ya Kibondo ilikuwa imelika kwa mvua, na mara mbili walishuka kusukuma. Esteri aliketi mbele, jembe lake dogo mapajani. Alikuwa ametokea nalo shambani akasahau kuliacha. Njia nzima midomo yake ilisogea kidogo, na Kipriani alijua anasali rozari.

Busunzu waliikuta jua limeanza kuinama. Kwenye uwanja wa nyasi fupi, Mwalimu Tharsisi, mwanamume mnene mwenye filimbi shingoni, alikuwa anafundisha vijana kupiga kona. Katekista wa kijiji na wazee kadhaa walikuwa wameketi pembeni wakitazama. Kipriani alimwacha mama garini, akaenda peke yake.

"Mwalimu, hongera. Nasikia mpwa wako yuko na timu ya taifa."

"Benchi, Sajini, benchi! Kipa mzuri kuliko yule, lakini nani atamwona akiwa ameketi?" Akacheka. Vijana wakasogea kusikiliza.

"Ulikwenda Heru Juu siku ya kushukuru?"

"Nilikwenda. Mtu akialikwa aende."

"Uliwaona watoto wa Esteri?"

"Wote sita."

Lilimtoka harakaharaka, na kabla halijatua chini alitamani kulirudisha.

"Mwalimu, mtu akienda sherehe hukumbuka nyama na pombe. Wewe umekumbuka hesabu."

Filimbi ikatulia kifuani. "Kwani kuhesabu ni kosa? Mimi Muha, Sajini, kama wewe. Minani ni wa nane. Nilihesabu kwa macho yangu, walikuwa sita. Huo ni uongo? Nilisema nilichoona!"

"Ulikisema wapi?"

Vijana wake walikuwa wanamtazama. Mmoja, mrefu, akauliza kwa sauti ya kutoamini: "Kocha, ni wewe uliyeichongea timu yetu?"

Mlango wa gari ukafunguka. Esteri akatembea uwanjani taratibu na jembe lake, akasimama mbele ya mwalimu. Wazee waliokuwa pembeni waliinuka bila kuambiwa.

"Ulikula kwangu," akasema. "Sikukuonyesha wanangu wote, kwa sababu wawili wako nyuma ya nyumba, chini. Irakoze na Nyandwi. Palizi ya mwisho nimefanya jana kwa jembe hili. Hukujua. Sikulaumu kwa kutojua. Lakini ulipeleka hesabu yangu mbali, bila kuniuliza mimi niliyezaa."

Mpira ulikuwa umebingirika hadi kwenye majani, na hakuna aliyeufuata.

Tharsisi alimtazama mama, akalitazama jembe na udongo mbichi uliokuwa bado umeganda kwenye chuma. Kitu kikamshuka usoni. Mke wake mwenyewe alikuwa amezika mtoto mchanga; kila mtu Busunzu alijua, na hakuna aliyetaja. Akashika filimbi, akaivua shingoni.

"Mama, sikujua," akasema. "Nilitaka kijana wa dada yangu asimame golini, wala sikujua timu nzima ingetolewa. Nikasahau kwamba hesabu ya watoto haiishii kwa wanaoonekana. Hata kwangu haiishii hapo."

"Wageni wanataka kusikia kinywa chako," Kipriani akasema. "Simu ya upepo iko kituoni Kibondo."

"Mpeleke mahakamani!" kijana mmoja akapaza sauti.

"Hapana," Esteri akasema. "Sitaki afungwe. Nataka ahesabu."

Katekista akavua kofia. Tharsisi akapiga goti moja kwenye nyasi zilizolowa, na Esteri akaanza kumtajia, jina kwa jina, naye akarudia: Evaristi, Fidele, Dafroza, Leokadia, Ezekieli. Jina la Irakoze alilirudia mara mbili. Kwa Nyandwi akainamisha kichwa. Kisha Minani.

Akasimama, akawageukia vijana, wazee na Sajini, akainua mkono wake wa kulia, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyumba za ng'ambo ya uwanja:

"Mimi Tharsisi, naahidi mbele ya mama huyu, mbele yenu nyote na mbele ya Mungu. Leo hii, kabla sijatia chakula kinywani, nitasema kwa simu ya polisi ya Kibondo, na Dar es Salaam wanisikie, kwamba nilihesabu vibaya. Watoto wa Esteri ni wanane."